Nyuma ya Jicho la Mdogo Wangu

Kazi yangu ni kukagua mizigo bandarini. Nakaa mbele ya skrini, mabegi yanapita ndani ya mashine, nami natazama yaliyomo: sufuria, viatu, samaki mkavu aliyeviringishwa kwenye magazeti, chupa ambazo mwenyewe kaapa hazimo. Miaka ya kazi hii imenifanya nisimwamini mtu kwa sura yake wala kwa kiapo chake. Mama yetu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kwamba mimi hata salamu naikagua kabla ya kuiitikia.

Kwa hiyo mdogo wangu alipokuja kwangu mtaa wa Malindi Jumapili moja, ameshikilia ukuta ngazi zote, na juu ya nyusi ya kushoto ana uvimbe uliogeuka zambarau, sikuuliza habari za nyumbani. Niliuliza, "Nani kakupiga?"

Akaketi kwanza, akavua mtandio. "Nimejigonga mlangoni, dada."

"Mlango gani?"

"Wa jikoni. Nilikuwa na sinia mkononi, sikuuona."

Jibu hilo nalijua. Nimelisikia kwa jirani wa chini, na kwa mwenzangu wa kazini aliyekuja na miwani ya jua wakati wa masika, na mara zote mlango ulikuwa na mikono na jina la mwanamume. Nikamtazama mdogo wangu, naye akatazama pembeni. Nilichukulia kwamba anakwepa macho yangu.

Tumezaliwa wawili tu, Mangapwani, na mama alipofariki nilibaki mimi ndiye wa kumtazama. Aliolewa Jang'ombe na mwanamume anayetembeza wageni katika msitu wa Jozani. Wanaishi nyumba moja na mama wa mume na watoto watatu, wa mwisho ndiyo kwanza kaacha kunyonya. Mume ni mtu wa sauti ya chini, asiyegomba. Watu wote walimsifia upole, na upole huo ndio ulionitia shaka. Mtu anayelipwa kuwasimulia wageni habari za kima wekundu kutwa nzima, nilijiambia, hashindwi kuwa na maneno matamu.

Siku ile mdogo wangu alinieleza mengine pia, lakini mimi nilikuwa bado nimo kwenye mlango wa jikoni. Alisema kichwa kinamuuma tangu mfungo ulipokwisha. Akilala chali kinazidi, kwa hiyo usiku anaegemea ukuta kwa mito. Akiinama kumnyanyua mtoto, macho yanafunga giza kama mtu kazima taa, kisha yanarudi. Kituo cha afya cha mtaani walimpa dawa za maumivu na kumwambia apunguze mawazo.

"Mawazo gani?" nikamuuliza.

"Ndiyo nami nimejiuliza."

Nikaona huo ni mlango mwingine. Mawazo hayaji bure. Nikamwambia abaki kwangu, akakataa kwa sababu ya watoto. Nikamsindikiza mpaka barabarani, na nilivyomwona anatafuta ukingo wa njia kwa ncha ya kiatu, nikazidi kumchukia mumewe.

Siku chache baadaye nikaenda Jang'ombe bila ya kutoa habari. Nilitaka kuwakuta kama walivyo. Mume alikuwa kazini. Mama yake alikuwa ukumbini, ameshika kikombe cha kaure chenye maji ya manjano, na mdogo wangu yuko mbele yake juu ya mkeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu. Nnampa kombe. Mwalimu kamwandikia asubuhi."

Kombe ni aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, kisha zikaoshwa kwa maji, mgonjwa akayanywa. Sisi tumekua kwa kombe, sina neno nalo. Lakini siku ile, kwa jinsi moyo wangu ulivyokuwa, nikanyoosha mkono, nikakichukua kikombe, nikanusa, nikaonja kwa ncha ya ulimi. Zafarani na marashi ya mawaridi, basi.

Bi mkubwa alinitazama mpaka nikamaliza. "Umeridhika?"

"Nimeridhika, mama."

"Hujaridhika," akasema, akanipokonya kikombe taratibu na kumpa mdogo wangu anywe. "Mimi huyu ni mtoto wangu. Kama unamtafuta mbaya wake, mtafute kwengine."

Nilirudi Malindi nikiwa na hasira ya mtu aliyeonekana.

Juma lile lile, niko kazini asubuhi, boti ya kwanza inashusha watu, simu yangu ikalia. Alikuwa ni yeye, mama mkwe, na hakuwa na kawaida ya kunipigia.

"Njoo. Mdogo wako kaamka anatapika. Ananiona mimi wawili."

"Anaona nini?"

"Ananiona wawili. Kaniuliza yule mwengine nani."

Nilimwachia mwenzangu kiti, nikatafuta gari. Nilipofika Jang'ombe tulimbeba mdogo wangu kwa kumshika makwapa, jicho la kulia limevutwa kwa ndani kuelekea puani, na yeye amefumba moja ili dunia ibaki moja. Bi mkubwa akabaki na watoto. Mume alikuwa Jozani na wageni, nikapewa habari kwamba keshapigiwa simu, yuko njiani. Nikasema moyoni kwamba mwenye hatia daima yuko njiani.

Katika idara ya dharura ya hospitali mabenchi yalikuwa yamejaa. Kulikuwa na mvuvi aliyechomwa na mwiba wa samaki taa, na mzee anayepumua kwa mashine. Watu walizungumza kwa sauti ndogo. Mdogo wangu alipewa kitanda nyuma ya pazia. Daktari aliyekuja alikuwa kijana mwembamba, na kwa matamshi yake nilijua ni mtu wa Pemba. Akampima presha, ikawa sawa. Akamwambia afuate kidole kwa macho, ashike pua, anyooshe mikono. Kisha akauona uvimbe wa juu ya nyusi, ambao sasa ulikuwa umebaki kivuli cha kijani.

"Hapa kulitokea nini?"

"Mlango," akasema mdogo wangu.

"Muulize mumewe," nikasema mimi.

Na mume, kwa bahati yake, aliingia wakati ule ule, na viatu vya msituni vyenye tope jekundu, bado ana kitambulisho cha kazi shingoni. Alinisikia. Alikwenda upande wa pili wa kitanda akaushika mguu wa mkewe juu ya shuka.

Daktari alitutazama mmoja mmoja. Nilijua anatukagua. Kisha akasema, "Nataka nimpige picha ya macho."

Nikadhani nimesikia vibaya. "Kichwa ndicho kinachouma."

"Najua, dada. Ndiyo sababu nataka macho."

Alivuta meza ndogo ya magurudumu iliyokuwa pembeni. Juu yake palikuwa na chombo cheupe chenye mahali pa kuegeza kidevu, na skrini nyuma yake. Kilikuwa kipya, bado kina plastiki pembeni. Nami nilikuwa nimekisikia chombo hicho kabla ya kukiona. Kwenye benchi pale nje mama mmoja alikuwa akimwambia mwenziwe kwamba siku hizi dharura wana mashine ya kupiga picha ndani ya jicho la mtu na kuipeleka Ulaya. Na kule kwetu bandarini kulikuwa na maneno kwamba karibuni abiria watapitishwa kwa jicho badala ya pasi. Nikaona mambo hayo mawili yanashikana. Jicho la mtu ni kama alama ya kidole chake. Mtu akiwa nalo, ana kitu chako.

"Picha hizo anazitazama nani?" nikamuuliza.

"Mimi. Na daktari wa macho."

"Yuko wapi?"

"Leo yuko shamba, Mangapwani, anapima watu wazima. Nitampelekea kwa simu."

"Kwa simu yako?"

"Kwa simu ya idara."

"Pamoja na jina lake?"

"Bila ya jina."

Alijibu haraka, na mimi majibu ya haraka siyapendi. Bandarini anayejibu haraka ndiye tunayemfungulia begi. Nikasimama baina ya mashine na kitanda. "Mdogo wangu hapigwi picha mpaka nijue inamfanya nini."

Mume akasema kwa sauti yake ile ile, "Shemeji, muachie daktari afanye kazi yake."

"Wewe subiri."

Daktari angeweza kunifukuza. Nadhani alifikiria kufanya hivyo, kwa sababu alitazama pazia na watu waliokuwa wakingoja nyuma yake. Badala yake akaketi kwenye ukingo wa kitanda. "Nikueleze mara moja. Jicho lina mshipa wa fahamu unaotoka moja kwa moja kwenye ubongo. Mwanzo wa mshipa huo unaonekana nyuma ya jicho, na ndipo pahala pekee ninapoweza kuutazama bila ya kumpasua mtu. Kama ndani ya fuvu kuna msukumo umezidi, mshipa huo unavimba. Zamani nilikuwa nikichungulia kwa kitochi. Mgonjwa anaumwa, anapepesa, mwanga mwingi, naona nusu na nusu nakisia. Hii inanionesha yote. Kichwa kinauma kwa mambo mia, na mengi yake si ya hatari. Mimi nataka kujua kama hili ni la hatari, na nataka kujua sasa."

Yalikuwa maneno ya kueleweka. Lakini kueleweka si kuaminika.

"Nipige mimi kwanza," nikasema.

Mdogo wangu, na maumivu yote yale, akasema, "Dada, jamani."

"Anipige mimi. Kama ina dhara, inikute mimi."

Daktari akatazama saa yake ya mkononi, akaniashiria kiti. "Kaa. Egesha kidevu. Usipepese."

Akavuta pazia, akazima taa ya juu ili mboni ifunguke. Ndani ya chombo niliona kijidoa cha kijani, nikakikazia macho, na moyo unanienda mbio kama niliyekamatwa na kitu mfukoni. Mwanga ukapiga mara moja. Nikangoja kitu kitokee, maumivu au joto. Hakikutokea kitu isipokuwa wingu la zambarau mbele yangu lililoondoka polepole.

Kwenye skrini palikuwa na duara kubwa la rangi ya chungwa, na mishipa myekundu imetawanyika ndani yake. Upande mmoja palikuwa na kiduara kidogo cha manjano meupe, kimechorwa sawasawa, ukingo wake safi.

"Hicho kidogo ndicho kichwa cha mshipa," akasema daktari. "Wako mzima."

Ikawa zamu ya mdogo wangu. Hakuweza kukaa peke yake, alikuwa anaegemea upande. Mumewe akapiga magoti nyuma ya kiti, akamshika kichwa kwa viganja viwili, na nikaona namna alivyomshika. Nilitafuta katika mikono ile dalili ya mtu anayejua kupiga. Sikuiona, na kutoiona kuliniudhi, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kata hukumu.

Mwanga ukapiga jicho la kulia, kisha la kushoto. Daktari akaitazama skrini, akanyamaza. Mimi kazi yangu ni kuwatazama watu wakati picha ya begi lao inapotokea, na najua kimya cha aina ile. Akabonyeza mahali, picha yangu na ya mdogo wangu zikakaa pamoja, bega kwa bega.

Yake haikuwa na kiduara. Pale pangu penye ukingo safi, pake palikuwa pametutumka, pamefifia kila upande, na mishipa ya damu imenenepa na kujipinda, mingine imezama katika uvimbe na kutokeza mbele. Pembeni kulikuwa na michirizi myekundu ya damu. Mtoto wa darasa la kwanza angeziona tofauti zake.

"Macho yote mawili?" akauliza mume.

"Yote mawili."

Daktari akapiga picha skrini kwa simu. Nikamwomba niione hiyo simu, naye akanigeuzia. Kweli hapakuwa na jina, palikuwa na namba ya kitanda tu. Akaipeleka. Haukupita muda, simu ikaita, akaweka sauti nje. Alikuwa ni yule daktari wa macho, mwanamke, na nyuma yake nilisikia kuku na watoto, sauti za kwetu Mangapwani.

"Nimeziona," alisema. "Imevimba pande zote, na si ya leo. Msimtoboe mgongo kutoa maji mwanzo. Mpigeni picha ya kichwa, na ile ya mishipa ya damu kwa dawa, msiridhike na ya kawaida. Na muulize anatumia dawa gani. Muulize peke yake."

Yale maneno mawili ya mwisho tuliyasikia sote, naye mume aliyasikia. Daktari akamwomba atoke kidogo. Akasimama, akamtazama mkewe, akatoka. Nami nikaambiwa nitoke, lakini mdogo wangu alinishika mkono. "Dada abaki."

Daktari akashusha sauti. Alimuuliza kama ana mimba. Hana. Kama kajifungua karibuni. La. Dawa gani anatumia. Mdogo wangu alikuwa akitazama chini ya pazia. Nikafuata macho yake nikaviona viatu vya msituni, na tope jekundu, vimesimama pale pale upande wa pili.

Daktari naye akaviona. Akatoka, nikamsikia akimwambia mume aende dirishani kule mwisho akachukue karatasi ya mashine ya kichwa. Viatu vikasita, kisha vikaenda.

"Vidonge," mdogo wangu akasema. "Vya kuzuia mimba."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipomwachisha huyu wa mwisho ziwa."

"Nani kakupa?"

"Nimenunua mwenyewe, Darajani."

Nilijihisi kama aliyepitisha begi la magendo mbele ya macho yake mwenyewe. Mimi niliyeonja kombe, niliyekagua mlango, mikono na simu, sikuwahi kushuku hata mara moja kwamba mwenye siri ni yeye. Mumewe alikuwa akitaka mtoto wa nne. Mama mkwe alikuwa akimuuliza kila mwezi. Naye alikuwa akimeza kidonge chake kila asubuhi jikoni, kimya, kwa maji ya mtungi.

"Sikuja kumhukumu mtu," daktari akasema. "Wanawake wengi wanavitumia na hawapati kitu. Lakini kwa wachache vinaweza kuifanya damu igande pasipostahiki. Nadhani damu imeganda katika mshipa unaoshusha damu kutoka kichwani. Tutajua tukipiga picha."

"Utamwambia mume wangu?"

"La. Hilo ni lako."

Sikumwamini. Nilimtazama usoni nikitafuta ufa, na wala sikuupata, na bado sikumwamini.

Picha ya kichwa ya kawaida ilitoka safi. Ile ya mishipa ndiyo iliyoonesha bonge la damu nyuma ya fuvu, refu, limeziba njia. Daktari wa dharura alituambia kwamba lau si uvimbe ule wa nyuma ya jicho, pengine angeridhika na picha ya kwanza na kumrudisha nyumbani na dawa za maumivu. Alilisema hilo bila ya majivuno, kama mtu anayejitisha mwenyewe. Mdogo wangu akaanza kuchomwa sindano za tumboni za kuifanya damu iwe nyepesi, na vidonge vya kupunguza msukumo, akalazwa wodini.

Mimi na mume tuliketi benchi moja ukumbi wa nje, kila mmoja ncha yake.

"Mke wangu alimwambia nini daktari?" akaniuliza.

"Mambo ya wanawake."

"Mimi ni mumewe."

"Muulize yeye."

Akatazama mikono yake. "Daktari kanieleza kuhusu mlango. Kasema macho yakiwa vile, mtu haoni vya pembeni, anaweza kujigonga mchana kweupe." Akainua uso. "Nilikuwa najua unanifikiria nini, shemeji. Kila ukija unamtazama yeye mikono, kisha unanitazama mimi."

Nilitaka kusema kwamba wako wanaume wengi ambao ningewafikiria hivyo nikawa sijakosea, lakini hilo lisingekuwa jibu lake yeye.

Mdogo wangu alimwambia mwenyewe, wodini, wakati wa kuwatazama wagonjwa adhuhuri. Maumivu yalikuwa yamepungua na jicho limeanza kurudi mahali pake. Alinambia nitoke nikamletee maji ya moto. Nilipokuwa narudi na chupa, mume alikuwa akitoka. Akasimama mbele yangu, rangi imemtoka.

"Ni wewe uliyempa vile vidonge?"

"Sikujua mpaka siku ile mbele ya daktari."

"Wewe hukujua." Hakupandisha sauti. "Wewe, ambaye hata kombe la mama ulilionja."

"Wallahi sikujua."

"Watu wanakuapia hivyo hivyo kule bandarini, na unawafungulia mabegi."

Akapita. Nilibaki na chupa mkononi, na sikuweza hata kumkasirikia. Nilikuwa nasema kweli tupu, na katika maisha yangu yote sikuwahi kusema kweli ikapokewa vibaya namna ile.

Bi mkubwa naye habari zilimfika. Nilikwenda Jang'ombe kuchukua nguo za mgonjwa nikamkuta anachambua mchele, mjukuu mdogo amelala pajani. Nilingoja aseme. Nilikuwa nimejitayarisha na majibu. Alichambua ungo mzima, akaupepeta, akatoa chuya, ndipo akasema, "Mimi nimezaa tisa. Wa mwisho nilimzaa sioni mbele kwa uchovu." Basi. Tangu siku hiyo nashuku kwamba alikuwa akijua. Yeye ndiye anayefagia jikoni mle, na makaratasi ya vidonge hayayeyuki. Nimejaribu kumuuliza kwa kuzunguka, mara mbili, na mara zote mbili amenipa chai.

Mume alikaa siku kadhaa bila ya kuzungumza na mkewe zaidi ya salamu. Lakini chakula alileta, na kuondoka kazini mapema aliondoka. Siku mkewe alipotolewa hospitali, alimbeba ngazi za wodini bila ya kuombwa. Waliyoambiana wenyewe wakiwa peke yao siyajui, na mdogo wangu hajanambia. Alinambia tu kwamba alilia kwanza yeye, kisha yule.

Mdogo wangu alirudi kwa picha za macho mara nyingi. Kila mara uvimbe ulikuwa umeshuka kidogo, na ukingo wa kile kiduara ukaanza kujionesha, upande mmoja kabla ya mwengine. Daktari wa macho, yule wa sauti ya simu, alikuwa mwanamke mnene mwenye haraka, na ndiye aliyewaketisha wote wawili, mume na mke, na kuwaeleza kwamba vidonge vile hatavigusa tena maisha yake, na mimba kwa sasa nayo ni hatari kwake, kwa hiyo wachague njia nyengine kwa pamoja. Nilikuwa nje mlango uko wazi. Nilimsikia mume akiuliza maswali mengi, moja baada ya jengine, kwa sauti ile ile ya chini. Hakuuliza kuhusu mtoto wa nne. Aliuliza kama mkewe anaweza kulala chali.

Uvimbe ulikwisha, lakini haukuondoka bure. Katika jicho la kushoto, upande wa chini wa anachokiona, pamebaki kivuli, na madaktari wamesema hakitatoka. Akitafuta chumvi mezani hugeuza kichwa kizima. Akishuka ngazi huzihesabu kwa miguu. Mengine yote anafanya, na kichwa hakimuumi.

Naenda Jang'ombe kila Ijumaa baada ya sala. Mume hunikaribisha ukumbini, huniwekea mto, huuliza habari za kazi. Namjibu vizuri. Ni maneno ya watu wanaopimana bado. Najua anaamini kwamba ni mimi niliyempeleka mkewe Darajani, na yeye anajua kwamba sijaacha kumtazama mikono. Mdogo wangu hutusikia kutoka jikoni tunavyokwenda na adabu zetu, huja na sinia ya ndizi za nazi na samaki, akatuambia tule kabla hazijapoa. Tunakula. Wiki iliyopita mume alinimegea kipande cha samaki akakiweka upande wangu wa sinia. Nilikitazama kidogo, kisha nikala.